Trekta Lililokosa Mahali pa Kugeukia

Sabato njema, ndugu zangu. Mzee wa kanisa ameniomba nisimame niseme habari ya trekta, na naona wengine mmeanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Chekeni tu. Hata mimi siku hizi nacheka, lakini kuna msimu ambao sikucheka hata kidogo.

Mnakumbuka serikali ilipopunguza wafanyakazi. Mimi nilikuwa karani katika ofisi moja pale Nyamira, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Siku moja nikapewa barua na kiinua mgongo changu, nikarudi nyumbani mchana kweupe kila mtu akiniona. Aibu ile iliniuma. Nikajiambia, kama ni kurudi shambani, basi sitarudi kama wengine. Nitarudi na trekta.

Nikaenda hadi kule kwenye mashamba ya ngano, upande wa Narok, nikamkuta mtu anauza trekta kuukuu lakini zima. Magurudumu ya nyuma yalinifika kidevuni. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikuuliza kitu kingine. Sikuuliza linakula mafuta kiasi gani, sikuuliza linahitaji nafasi gani ya kugeukia. Nililipenda kwa urefu wake. Tulipopita nalo Keroka watoto wakitukimbilia, nilinyoosha shingo kama mtu anayegombea ubunge.

Sasa mnayajua mashamba yetu. Baba yetu alipotugawia, mimi na ndugu yangu mdogo, alifanya kama wazee wote wa hapa: kila mmoja akapata ukanda mwembamba unaoanza juu barabarani na kuteremka hadi kijitoni, ili kila mtoto apate barabara na apate maji. Juu ni chai, halafu boma na migomba, halafu mahindi na wimbi, na chini kabisa nyasi ya ng'ombe. Upana wa ukanda wangu ni hatua ishirini na mbili. Hiyo najua leo. Siku ile sikujua, kwa sababu sikupima.

Mama watoto alisimama uani akinitazama nikikata migomba yake ili trekta lipite. Akaniuliza, "Baba, umepima shamba?"

Nikamjibu, "Nipime shamba nilimozaliwa?"

Akaokota ndizi zake, akanipa mgongo akaingia jikoni. Ninyi wanaume mnaoitikia kwa kichwa, mnaujua mgongo huo.

Jambo la pili nililofanya ni baya kuliko la kwanza. Tulikuwa na egesangio yetu, leo tunalima kwako wote, kesho tunalima kwangu. Nilienda kwenye kikundi siku wanalima kwa ndugu yangu, nikasimama na viatu vyangu vya ofisini, nikawaaga. Nikasema, "Mimi na jembe tumeachana. Msinihesabu tena." Wakasema sawa, wakainama wakaendelea kulima.

Siku ya kulima ikafika. Kulima kwa kukata mteremko hakukuwezekana, trekta halikuwa na pa kugeukia. Nikaona nilime kwa kushuka na kupanda. Hata hivyo nikifika mwisho lazima nigeuke, na kila nikigeuka naingia kwa ndugu yangu. Ile mimea ya mpaka aliyoipanda marehemu baba kwa mkono wake, niling'oa sita kabla sijazima injini.

Ndugu yangu alikuja mbio, na wenzake wa egesangio nyuma yake, kwa kuwa walikuwa wakilima jirani. Hakupiga kelele. Akasema tu, "Kaka, huu ni mpaka wa baba."

Na mimi nikiwa juu ya kiti changu, nikamjibu mbele ya watu wote wale, "Baba angejua wewe utazeeka na jembe, asingekupa shamba."

Hapo hamcheki tena. Vizuri.

Akageuka akaenda zake. Kuanzia siku hiyo hatukusalimiana. Tunakutana kijitoni, kila mtu anatazama maji yake. Huyo ndiye ndugu yangu pekee wa tumbo moja, na hapa kwetu nyote mnajua ndugu wangapi wamefikishana kortini, na wengine mbali zaidi ya korti, kwa sababu ya mpaka wa nusu hatua. Niliogopa, ila kiburi kilikuwa na nguvu kuliko woga.

Mvua ilipokuja ilifuata mistari yangu kama barabara. Ikachukua udongo na mbegu vyote, ikavipeleka kijitoni. Nikasema nitarudia kulima upesi kabla msimu haujapita. Mama watoto akanisihi ardhi ikauke kwanza. Sikusikia. Trekta likateleza na mimi juu yake, likaviringika hadi kwenye nyasi ya ng'ombe, na mguu wangu wa kushoto ukabaki chini ya chuma.

Wa kwanza kunifikia alikuwa ndugu yangu. Aliruka ule mpaka niliouharibu, akashika kichwa changu, akaniambia, "Usilale, kaka. Ongea na mimi." Egesangio nzima ikaja na miti ya kuinulia chuma. Watu wale niliowaambia wasinihesabu wakanibeba mabegani mteremko wote hadi barabarani.

Nikalala hospitali Kisii mguu ukiwa kwenye plasta. Siku nilipowaza watoto watakula nini, mama watoto akaja na habari: "Shamba limelimwa. Wamelima kwa kukata mteremko, wakapanda mahindi na maharagwe. Kwetu waliweka zamu ya kwanza." Nikalia, na sikuona haya mbele ya wauguzi.

Nikamuuliza, "Na mpaka?"

Akasema, "Ndugu yako amekataa kuugusa."

Nilifikiri amekasirika. Kumbe sikumjua mtu niliyekua naye. Niliporudi kwa magongo alinichukua polepole hadi pale. Jioni ileile niliyomtukana alikuwa amekwenda peke yake, akatia jiwe katika kila shimo la mmea niliong'oa, ili mahali pake pasipotee. Mawe sita. Miezi yote niliyolala, mwenyewe nikiwa siwezi hata kusimama, angeweza kusogeza mawe yale hatua nzima na hakuna mtu angejua. Mimi nisingejua, kwa maana sikuwahi hata kupima! Hakusogeza. Tena hakupanda. Akaniambia, "Mpaka hupandwa na watu wawili. Nilikuwa nakungoja."

Tukapanda. Yeye akichimba, mimi nikishika mche, nimeegemea gongo. Nimefanya kazi na wakubwa wengi serikalini, watu wa magari na bendera. Sijaona mtu mkubwa kama yule.

Baada ya hapo ndipo nilipojifunza kuchagua trekta. Lile kubwa nilimuuzia mtu mwenye shamba tambarare, na huko linafanya kazi nzuri hadi leo, maana kosa halikuwa lake. Mama watoto alichukua kamba, akapima ukanda wetu mahali patatu, akafunga fundo kila mahali. Tukaenda naye na ndugu yangu hadi Kisii, kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vipuri, mzee aliyezaliwa palepale mjini. Nilishawahi kununua kwake vipuri vya lile kubwa, na siku ile alikuwa ameniambia, "Trekta nzuri hii. Shamba lako ndilo silijui." Nikadhani ananidharau.

Safari hii aliipokea kamba kwa mikono miwili. Akatandaza kwenye sakafu ya duka, akauliza mteremko, akauliza udongo, akauliza ni nani atakayeliendesha. Mama watoto akasema, "Mimi." Mzee hakucheka. Akatuonyesha trekta dogo la magurudumu mawili, unatembea nyuma yake umeshika mikono yake kama ya toroli. Tukataka kulichukua hapohapo, akakataa. "Kwanza lijaribiwe kwenu. Likishindwa, sitawauzia."

Jumapili akaja nalo kwa pikapu. Akavua viatu, akakunja suruali, akalisukuma mwenyewe kwa kukata mteremko. Lilifika mpakani likageuka palepale, bila kugusa jani la kwa ndugu yangu. Kisha akaenda chini penye mwinuko mkali, akasimama akatikisa kichwa. "Hapa hata hili lisije. Hapa ni jembe." Fikirieni, mfanyabiashara anakuambia mahali ambapo bidhaa yake haifai! Mtu wa namna hiyo nitamsifu hadi nizikwe.

Tukalinunua, na leo trekta lile dogo ni la egesangio. Linazunguka kwa zamu, na mama watoto ndiye dereva mkuu. Wanawake watatu wamejifunza kwake.

Nawashukuru walionibeba, mmoja mmoja mnajijua. Namshukuru mama watoto, aliyeuliza swali moja la maana nami nikalijibu kwa ujinga. Namshukuru yule mzee wa dukani, na juu ya yote Mungu. Ninyi vijana mnaotaka kununua mashine, msianze na ukubwa wake. Anza na kamba, upime pale itakapogeukia, halafu umwite anayeishi ng'ambo ya mpaka ashike ncha ya pili.

Nimebakiza neno moja. Ndugu yangu ameketi pale nyuma, simtaji jina, hapendi. Tumepanda mpaka, tumelima, tumekula pamoja, na hajanidai chochote. Lakini lile neno kuhusu baba nililitamka mbele ya watu, na msamaha nimeuomba moyoni tu, kimyakimya, miaka hii yote. Ndugu yangu, baba alijua anampa nani shamba. Nilikosea. Mbele ya watu hawa, nisamehe.