Baba Aliyesimama Ng'ambo ya Barabara

Hamjambo, akina mama? Mbona mnaitikia kama watu waliokwisha sikia harufu ya pilau? Hamjambo! Haya, hapo sawa. Nimeombwa nieleze shida niliyopitia. Majina sitaji, maana wengine tuko nao humu humu ukumbini.

Mnanijua, mdomo ninao. Lakini mbele ya mwalimu, ndugu zangu, nilikuwa bubu. Kwetu Morogoro nimelelewa hivyo: mwalimu akisema, mzazi anaitikia, anashukuru, anaondoka. Nikaja na adabu hiyo hiyo mpaka Toronto.

Binti yangu alipokaribia kuingia sekondari, mwalimu mshauri akatuita. Akasema kwa upole kabisa, mtoto huyu ni mzuri, ila masomo mazito hatayaweza, tumpeleke kwenye masomo mepesi. Nikasema, "Asante sana, mwalimu." Kuuliza sikuuliza. Ndani ya basi mtoto akaanza kulia. Akaniambia kwa Kiingereza, si mnawajua watoto wetu, kwamba ukipita njia ile chuo kikuu huingii. Na yeye tangu mdogo anataka uinjinia. "Mama, kwa nini umemshukuru?"

Nawaambia, niliporomoka. Nimeacha kwetu, napanga mizigo ghalani kule Malton, baridi inanikata masikio, yote kwa ajili ya mtoto huyo. Halafu mlango wake nimeufunga mwenyewe kwa asante. Mtoto haniongeleshi. Siku moja, kwenye chumba cha kufulia nguo cha jengo letu pale Lawrence Heights, machozi yakanishinda.

Akaingia mama wa ghorofa ya juu, Mmarekani mweusi, mtu wa Alabama, huku aliletwa na ndoa. Tulikuwa tunasalimiana tu. Akaketi, akanisikiliza mpaka mashine ikazima. Kisha akanisimulia ya kwao.

Alipokuwa mtoto, kule Alabama weusi walikuwa na shule zao na wazungu zao. Vitabu vya weusi vilikuwa vile vilivyokwisha chakazwa na wazungu, vina majina ya watoto wengine. Mahakama iliposema milango ifunguliwe, baba yake akamshika mkono, akampeleka shule ya wazungu. Wacha wee! Baba akafukuzwa kazi kwenye kiwanda cha mbao. Darasani hakuna aliyekubali kukaa karibu na mtoto. Lakini kila asubuhi yule baba alivaa suti yake ya kanisani, akasimama ng'ambo ya barabara, hasemi kitu, ili mtoto amwone kutoka dirishani.

Nikamuuliza, "Hakuogopa?"

"Aliogopa sana. Mikono ilikuwa inamtetemeka, ndiyo maana aliitia mfukoni."

Akina mama, sikilizeni hapo. Nilidhani watu wa namna ile hawana hofu. Kumbe wanayo, na wanasimama nayo.

Wiki ile ile nikarudi shuleni. Yule mama akaja nami, kavaa kofia yake ya bluu ya Jumapili. Mlangoni akaniambia, "Utasema wewe. Mimi nitasimama tu." Na kweli, alipewa kiti akakikataa.

Mwalimu akasema tulishakubaliana. Nikatia mikono kwenye mifuko ya koti, nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: mwalimu, nakuheshimu, lakini hapana. Akaeleza tena. Hapana. Akaitwa mkuu wa shule. Hapana, na naomba mnioneshe mtoto alishindwa nini. Wakapekua faili lake. Hawakuwa na cha kuonesha. Binti yangu akapangwa kwenye masomo mazito.

Hakupaa siku moja, jamani, hesabu zilimtoa jasho. Lakini mwezi huu kavaa joho. Injinia! Haya, vigelegele viko wapi?

Nawashukuru mlionishikia mtoto nikiwa zamu, na nyie mliomfundisha hesabu jikoni kwangu. Neno langu ni dogo: walimu tuwaheshimu, ila tuwaulize, na mzazi asiende peke yake. Ukiogopa nipigie simu, nitakuja kusimama.

Sasa, mwenye kofia ya bluu yule pale nyuma. Kiswahili hakijui, binti yangu anamnong'oneza kila neno. Makofi hayataki, ameshanikataza. Basi tusimame. Na wewe uliyeshika sahani, weka chini, pilau haikimbii. Simameni wote, mumgeukie.

Eh! Mnaona? Ametia mikono mfukoni.