Kusukumana kwa Adabu

Kwenye treni ya asubuhi, muuguzi mmoja alijifanya anasoma.

"Raga imeharibika," mzee alimwambia mama aliyeketi naye, refa mwenye filimbi shingoni. "Kwenye skramu siku hizi watu wa timu mbili wanainamiana, wanashikana kwanza, wanangoja ruhusa yako, ndipo wasukumane. Kama wanapeleka posa! Sisi tuligongana vichwa kama mafahali."

"Mkavunjika shingo, baba."

"Mmoja tu."

"Yuko wapi?"

"Kitandani, mwaka wa thelathini huu. Ndiko ninakokwenda. Jumamosi ni zamu yangu ya kumlisha."

Muuguzi akasahau kufunua ukurasa.

"Basi si unaona?" refa alisema taratibu.

"Nione nini? Sheria zenu yeye anazichukia kunishinda mimi."

Treni ikasimama. Wakashuka wote wawili, bado wanabishana.