Mtu wa Saa Nne

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, mguu mmoja umefungwa waya, limeegemea kibanda cha Fundi Mshale, mtengeneza saa. Kahawa anauza Mama Birika. Hukumu anatoa Hakimu, ambaye hajawahi kuwa hakimu. Alikuwa mfagizi wa mahakama, ila aliyoyasikia mlangoni yanamtosha maisha yote. Asubuhi hiyo hasira za Fundi Mshale zilikuwa puani. Mteja aliyeapa kuja saa mbili hakutokea. Na mfukoni mwa Fundi mwenyewe mlikuwa na kadi ya kliniki ya macho, jengo lile la ng'ambo ya barabara: upasuaji wa mtoto wa jicho, leo, saa nne. Miadi miwili alishaikwepa. Muuguzi alimwambia wazi kwamba akikosa ya tatu, nafasi anapewa mwingine. Haya pale kijiweni alikuwa hajamwambia mtu.

— Watu siku hizi hawana adabu, alisema. Anakwambia yuko njiani, kumbe yuko kitandani, tena kajifunika.

— Si adabu, ni simu, alisema Mama Birika akimmiminia. Zamani ukiahidi umeahidi, utamwambia nani umeghairi? Sasa unatuma ujumbe kwamba unakuja, roho inatulia, unajiona umeshafika.

— Umegusa, mama, lakini hujafika, alisema Hakimu. Mimi nimechunguza. Kinyozi analalamika, fundi cherehani analalamika, mpiga picha analalamika. Wote wanamlilia mtu aliyeweka miadi asitokee. Sasa jiulizeni, nani amewahi kumwona?

— Si ndiyo hajaja, Hakimu, alisema Mama Birika.

— Basi. Ni mtu mmoja.

— Mmoja vipi?

— Mmoja tu, mji mzima. Akiamka anashika simu. Kwa kinyozi sauti nzito, kwa msusi sauti nyororo. Anajaza madaftari ya watu, halafu huyo, anarudi kulala.

— Ili apate nini?

— Raha ya kungojwa. Wewe hapo ulipo, kuna mtu anakungoja?

Mama Birika alifikiri.

— Hakuna.

— Umeona. Mwenzako anangojwa na mji mzima.

Fundi Mshale alicheka kuliko wote, akajipiga goti. Nadharia hiyo ilimkaa vizuri mno. Kama ni mtu mmoja, basi si yeye.

— Mtu kama huyo hana haya, alisema.

— Hana hata chembe, alisema Hakimu. Siku nikimpata, namkamata kwa mkono wangu huu.

Wakati huo alishafika mama mmoja mgeni, kabeba saa ya ukutani ndani ya mfuko. Alikuwa akingoja zamu yake kimya, kikombe mkononi, akiwasikiliza.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Huyo mtu mnayemsema, anaogopa nini?

Hakimu aliushusha ule mkono wake. Mama Birika alianza kusuuza kikombe alichokwisha kukisuuza.

Fundi Mshale aliipokea ile saa, akaigeuza, akachukua bisibisi ndogo. Alipapasa skrubu kwa kidole. Kwa macho aliona ukungu tu. Alijua anaogopa nini. Aliogopa mkono wa daktari uteleze, abaki gizani, na hii mikono inayojua kila gurudumu la saa ibaki haina kazi. Aliogopa sana, miezi mitatu sasa. Aliiweka bisibisi chini.

— Hakimu, saa ngapi?

— Fundi saa unaniuliza mimi? Si umezungukwa na saa?

— Nisomee.

Hakimu alimtazama, safari hii vizuri. Kisha akageukia ukuta wa kibanda.

— Saa nne kasoro dakika sita, ndugu yangu.

Fundi Mshale alisimama, akaitoa kadi mfukoni, akaiweka juu ya benchi wote waione.

— Mama, saa yako niachie. Siku ya kuichukua sikwambii leo, nitakwambia nikirudi. Mama Birika, kahawa yangu usiimwage.

Alifika ukingoni mwa barabara, magari yanapita, akasita. Hakimu alikuwa ameshafika ubavuni pake.

— Si ulisema ukimpata utamkamata? alisema Fundi Mshale, akimnyooshea mkono. Haya, kamata. Tuvuke.