Mabehewa Saba Bila Kichwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, punguzeni moto jikoni, mje tukae. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyekuwa fundi saa. Wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Bi Ufunguo. Ametutoka wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sitini na sita. Saa iliyoko ukutani mbele yangu sasa hivi aliitengeneza yeye, na tangu siku hiyo sijachelewa taarifa ya habari hata mara moja.

Tumezoea kusema marehemu alikuwa mpole, hakuwa na neno na mtu. Mimi sitasema hivyo. Bi Ufunguo alikuwa na neno na mtu mmoja. Alikuwa nalo kwa miaka thelathini na moja. Na ningemwita mpole leo, nadhani hii saa ingesimama kwa hasira.

Tuanze mwanzo. Baba yake alikuwa fundi bati katika karakana ya reli. Siku moja alirudi nyumbani na sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na treni ya kuchezea, ya bati, kuukuu, ya zamani hata kwa wakati ule. Kichwa cha kijani. Mabehewa saba mekundu. Reli za kuunganisha zikawa duara la kujaa sebule. Haikuwa ya betri wala ya umeme. Ilikuwa treni ya ufunguo: unazungusha, springi inajikaza, unaachia, inakwenda.

Lakini haikwenda. Ile nondo ndogo inayoshikwa na ufunguo ilikuwa imelika ikawa duara. Baba akaichonga upya kwa tupa, akaipa pembe tatu. Kisha akachonga ufunguo wake, nao wenye tundu la pembe tatu. Mikono yake ilikuwa minene kama mikate, haikuingia ndani ya kichwa cha treni. Aliyeingiza vidole, akapaka mafuta, akafunga skrubu, ni binti yake wa miaka minane, huyu Bi Ufunguo wetu. Walihangaika wiki tatu. Siku ilipotembea, baba akamvalisha ule ufunguo shingoni kwa uzi wa viatu.

"Treni ni yako," akamwambia. "Umeifufua wewe."

Kumbukeni hilo, wasikilizaji. Ufunguo ulikuwa mmoja. Ulikuwa shingoni kwake. Na treni alipewa yeye.

Alikuwa na kaka, mkubwa kwake kwa miaka minne. Kaka alipenda mpira, karakana haikumhusu. Lakini treni ilipoanza kutembea, naye akataka. Na hapa ukweli usemwe hata kama marehemu angenuna: hakumpa. Binti wa marehemu, ambaye ni muuguzi, ameniambia mwenyewe.

"Mama alikiri. Mjomba alikuwa anamwomba azungushe ufunguo hata mara moja tu. Mama anamwambia, nenda kacheze mpira wako."

Basi. Watoto wamekuwa watoto. Tusonge mbele.

Akiwa na miaka ishirini alikwenda mji mwingine kusomea ufundi saa. Akiwa huko, baba akafariki. Akarudi kuzika. Matanga yalipokwisha akamuuliza kaka yake, "Sanduku la treni liko wapi?"

Kaka akasema, "Kutu ilikula. Nikatupa."

Akaamini. Wewe ungefanyaje? Ni kaka yako, mmetoka kumzika baba pamoja. Akalia mara mbili kwa safari moja, akarudi chuoni na ufunguo wake shingoni. Hakuuvua. Tangu siku hizo ndipo watu walipoanza kumwita Bi Ufunguo.

Ikapita miaka kumi na mitano. Akaolewa, akazaa binti mmoja, akafungua duka la saa. Siku moja kinyozi akamwita atengeneze saa yake ya ukutani. Akapanda kwenye stuli, akafungua saa, akageuza shingo kutafuta bisibisi. Akaona mbele ya kioo, penye vichana, behewa jekundu la bati. Vichana vimesimama ndani kama abiria.

Akashuka. Akalipindua. Chini, kwenye ekseli ya nyuma, kulikuwa na tone la risasi iliyoyeyushwa, dogo, duara, kama punje ya dengu. Ni baba yake aliyechomelea pale, na yeye ndiye aliyeshika taa.

"Umelipata wapi hili?"

Kinyozi akasema, "Aa, hilo? Aliniuzia yule mwenye duka la misumari. Zamani sana."

Mwenye duka la misumari alikuwa kaka yake.

Wasikilizaji wapendwa, hakumaliza saa. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa kaka. Alikuta wageni sebuleni, wanakunywa chai. Na nyuma ya wageni, kwenye kabati la vioo, palikuwa na taa ndogo. Chini ya taa, kichwa cha kijani.

"Kaka, ulisema kutu ilikula."

"Hiki kilipona."

"Na mabehewa?"

"Takataka tu zile. Niligawa, nyingine niliuza."

"Treni ile ilikuwa yangu. Baba alinipa mimi."

Kaka akawageukia wageni wake, akacheka. Akasema hivi, na maneno haya niliyasikia kwa marehemu mwenyewe, hapa hapa studio, siku aliyokuja na ngazi yake kutengeneza saa hii. Alisema: "Mtoto wa kike na treni, wapi na wapi?"

Wageni wakacheka. Alipokuwa anatoka alipita karibu na kabati, akatupa jicho. Akaona ile nondo ya pembe tatu. Ina alama za meno ya koleo. Kaka alikuwa amejaribu kuizungusha kwa nguvu, ikamkatalia.

Alitaka kitu kimoja tu kuanzia siku ile. Hakutaka kuombwa msamaha pembeni, wala kikao cha wazee wa kuwapatanisha. Alitaka kaka aseme mbele za watu, kwa mdomo ule ule uliocheka, kwamba treni ilikuwa ya dada yake.

Kwanza akayatafuta mabehewa. La kwanza alimpa kinyozi saa mpya ya ukutani, akapewa. La pili lilikuwa kwa fundi cherehani, limejaa vifungo. La tatu lilikuwa bafuni kwa mwalimu mmoja, linawekwa sabuni, limepauka upande mmoja. La saba lilikuwa kwa bibi mmoja mjane aliyekataa katakata, eti linamkumbusha mumewe. Bi Ufunguo akamtengenezea saa zake bure miaka tisa. Mwaka wa kumi yule bibi akasema, "Chukua mwanangu, umenichosha kwa wema." Mabehewa saba. Yote saba aliyapata.

Kaka naye hakulala. Mjini palikuwa na chama cha wenye treni za bati, watu wazima na akili zao, wanakutana ukumbi wa maktaba, na kila mwaka wanafanya maonyesho. Kaka alijiunga kwa sababu ya kile kichwa cha kijani. Mwisho wakamchagua mwenyekiti. Tutamwita hivyo hivyo, Mwenyekiti.

Bi Ufunguo naye akajiunga. Akalipa ada kama kila mtu. Kila mwaka akaomba meza moja tu, ile inayotazamana na ya Mwenyekiti.

Meza hii, kichwa cha kijani ndani ya kioo. Meza ile, duara la reli za kununua, na mabehewa saba mekundu yamefungwa mkia kwa mkia, hayana kichwa. Yamesimama. Mtoto akipita akauliza, "Bibi, mbona treni yako haina kichwa?" yeye alijibu kwa sauti ya kufika mwisho wa ukumbi:

"Muulize babu pale!"

Mwaka wa kwanza watu walicheka. Mwaka wa tano waliangalia chini. Kufika mwaka wa kumi, Mwenyekiti alikuwa anasimama ameipa meza ile mgongo siku nzima. Wanasema za mwizi ni arobaini. Huyu dada yake alimhesabia kwa miaka.

Katibu wa chama, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliwahi kuinama kwenye kile kioo na miwani yake. Akaona meno ya koleo. Akasema polepole, "Mwenye treni hafungui treni yake kwa koleo." Lakini alisema kwa jirani yake tu, na jirani akakohoa. Nilimpigia simu juzi. Akaniambia, "Nilijua. Wote tulijua. Ila alikuwa mwenyekiti, na chai ya mkutano alileta yeye." Mwalimu, ahsante kwa kusema ukweli. Umechelewa, lakini ahsante.

Sasa nisikilizeni vizuri. Angeweza kununua kichwa kingine. Viliuzwa palepale kwenye maonyesho. Binti yake alimnunulia kimoja, chekundu, cha kupendeza. Mama akakiweka kabatini, hakukigusa. Mwanamke aliyependa treni kuliko chakula hakuona treni yake ikitembea tena. Hiyo ndiyo gharama yake, na alijua anailipa.

Alipougua moyo akamwita binti. Akampa barua mbili, na maelekezo. Ya kwanza ilipelekwa kwa Mwenyekiti siku ya tatu baada ya maziko. Ilisema: kaka, ufunguo nimekuachia wewe. Njoo uchukue ukumbini, mbele ya wanachama, na kichwa chako mkononi. Useme kwanza treni ilikuwa ya nani, kisha upewe.

Mnadhani alikataa? Thubutu! Mkusanyaji wa treni akiwa na kichwa kisichotembea ni mtu mwenye jino bovu, ulimi hautulii. Alikuja Jumamosi iliyopita, na koti jipya, na kichwa cha kijani kimefungwa kwa kitambaa. Watu walijaa hadi mlangoni. Na mimi nilikuwepo. Nisingekosa.

Akasimama. Akasema kitu ndani ya koti lake.

Katibu akasema, "Mwenyekiti, hatukusikia."

"Ilikuwa ya dada."

"Huku nyuma bado!"

Mzee akafumba macho. "Treni ilikuwa ya dada yangu! Baba alimpa yeye!"

Binti akampa ufunguo. Akautumbukiza, akazungusha. Ukazunguka. Akazungusha tena. Ukazunguka kirahisi, kama kijiko kwenye kikombe kitupu. Springi haikukaza hata kidogo. Akautoa akautazama. Tundu lake lilikuwa duara, halina hata pembe moja.

Binti akafungua barua ya pili, akasoma: "Kaka, huo nimeuchonga mimi. Nimekaa na ufunguo bila treni. Na wewe leo umeshika vyote viwili, na bado haitembei. Zungusha mpaka uchoke."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Mwenyekiti akakifunga kichwa kwenye kitambaa chake, akageuka aende. Ndipo mwalimu wa hesabu, aliyekaa kimya miaka yote ile, akasimama njiani.

"Mwenyekiti, umesema mwenyewe, tena mara tatu, ni ya dada yako. Sasa unaondoka na mali ya nani?"

Wasikilizaji, mtego ulikuwa hapo. Ufunguo ulikuwa chambo tu. Mwenyekiti akakiweka kile kichwa mezani, taratibu, akarudi nyuma akiwa amebaki na ule ufunguo wa duara kiganjani.

Binti akakiweka kwenye reli, mbele ya mabehewa saba. Akakifunga. Akavuta uzi wa viatu kutoka ndani ya gauni lake. Pembe tatu. Nondo ile, pamoja na majeraha yake yote ya koleo, ikaushika. Akazungusha mara sita, akaachia.

Ikatembea. Kwanza ikagugumia, mafuta yamekauka, tukadhani imekwama. Kisha ikachukua mabehewa yote saba, likiwemo lile lililopauka kwa sabuni, ikazunguka meza mara tatu na nusu. Nimeona watu wazima wanalia. Na mimi nimo.

Ilipokoma, sauti ikatoka mlangoni. Mwenyekiti hakuwa ameondoka. Alikuwa amevua kofia.

"Mwanangu," akasema. "Sijawahi kuizungusha. Hata mara moja. Nipe niizungushe mara moja tu."

Ukumbi mzima ukamtazama binti. Muuguzi yule, anayefunga vidonda vya watu kutwa nzima. Akautazama ufunguo. Akamtazama mjomba wake.

Akautumbukiza ndani ya gauni.

"Pole, mjomba," akasema. "Nenda kacheze mpira wako."

Wasikilizaji wapendwa, kituo hiki kinatoa pole kwa binti wa marehemu, kwa mafundi saa wote na wanachama wa treni za bati. Tunampa pole Mwenyekiti pia. Alipiga simu jana kuomba tusimtaje. Hatukumtaja jina. Naye amefiwa na dada, na hana mwingine.

Mtaniuliza, binti alifanya vema? Nimekesha na swali hilo. Upande mmoja wa moyo wangu ulipiga makofi pale ukumbini, na sitawadanganya, bado unapiga. Lakini nawaomba jioni hii kila mmoja asimame mbele ya kabati lake. Aangalie kuna nini ndani. Kama kuna kitu cha nduguyo, kitoe, kifunge kwa kitambaa, kipeleke leo hii angali anaweza kukufungulia mlango mwenyewe. Na wewe uliyeshika ufunguo shingoni, mpe nduguyo azungushe mara moja. Mara moja tu, mngali wadogo.

Bi Ufunguo, lala salama. Imetembea.