Sala ya Kukandia Unga

Sogeeni, wanangu, na mlango urudishieni, maana sauti niliyobaki nayo haifiki hata dirishani. Kifunguamimba, kaa hapa karibu na kichwa changu. Kitindamimba, acha kulia kwanza, mama, utalia baadaye kwa nafasi. Sasa nataka masikio yenu.

Mali si nyingi wala haina matata. Tanuri, duka la mbele na mashine ya kukandia ni zenu wawili, asiwepo wa kumwambia mwenzake "toka kwangu". Nyumba hii akae kitindamimba mpaka aichoke mwenyewe. Shangazi yenu apelekewe mkate kila asubuhi kama mtu wa humu ndani. Mnakumbuka alivyokuwa akisimama mlangoni akitucheka, "Wifi, huo unga mnaukanda au mnauhubiria?" nami nikamnunia miaka na miaka. Nimemsamehe. Tena alikuwa anachekesha, basi tu sikutaka aone meno yangu.

Sasa sikilizeni lile linalonitia hofu. Sala ya kukandia baba yenu aliirithi kwa mama yake. Hatukuwa na saa. Aliyetia mikono kwenye unga alianza kuomba kwa sauti, taratibu, akiwataja wazima na wagonjwa, waliosafiri na waliozikwa, na alipofika mwisho donge lilikuwa limelainika, linavutika bila kukatika. Ukiruka maneno, mkate ulitoka mgumu, na wateja walijua kwamba leo watu hawa wameomba mbiombio.

Halafu baba yenu akaleta saa, akaitundika ukutani. "Mama watoto," akasema, "hii ni ya kutusaidia tu, sala iko palepale." Nikaona sawa. Ikawa anaomba huku anaitazama. Kisha akawa anaomba kwa midomo, bila sauti. Kisha midomo nayo ikatulia, na hakuna kati yetu anayeweza kusema ilitulia siku gani. Hakugombana na Mungu, wanangu, wala hakumkana mbele ya mtu. Na mkate haukuharibika! Ulitoka laini vilevile, watu wakapanga foleni. Hapo ndipo nilipoingiwa na baridi. Nilikuwa nangoja kitu kitokee, tanuri lipasuke, biashara ianguke, tushtuke turudi tulikotoka, na hakikutokea kitu chochote. Imani ilitoka kidogo kidogo, haikuaga.

Alipolala kwenye kitanda hiki hiki alinishika mkono akaanza ile sala. Akasema maneno ya kwanza, akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. "Kinafuata nini?" akaniuliza. Nikamwambia. Akanitazama kana kwamba namsomea barua ya watu wengine. "Hivi kuna anayesikia?" Kabla sijapata la kujibu alikuwa ameshaondoka. Macho yale yananifuata mpaka leo. Yalikuwa macho ya mtoto aliyepotea sokoni.

Na juzi nami nilianza kuomba, nikafika katikati, nikasita. Maneno nilikuwa nayo yote. Ila nilihisi nayasema kwenye chumba kitupu. Naogopa, wanangu. Naogopa kuliko nilivyoogopa uchungu wa kuwazaa.

Nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Shaka ikiwajia msiifiche kwa adabu. Itajeni mezani, chai ikiwa bado ya moto, kabla haijazoea kukaa humo ndani. Laiti baba yenu angeniuliza swali lile mapema, tungelilia pamoja, tungempelekea Mungu mwenyewe. Ombeni kwa sauti, hata mashine ikinguruma. Aliyechoka abebwe na mwenzake, na aliyembeba asimsimange.

Kifunguamimba, nimekuona. Tukiinamisha vichwa, wewe unatazama viatu vyako. Sikugombezi. Ila nataka uniombee wewe, si mdogo wako. Yeye najua anaweza. Shika mkono. Anza.

Mbona unatikisa kichwa? Utakuwa mwongo? Basi usiseme uongo, mwanangu. Mwambie hivyo hivyo. Mwambie, "Sijui kama upo, lakini mama yangu anakuja, naye anaogopa." Kwa sauti... usiniangalie mimi, mwambie yeye.

Eeh. Hiyo. Hiyo ni sala. Baba yako hakuifikia.

Mungu awakalie karibu hata siku msipomwona... awape mikono yenye nguvu, na usingizi usio na... na watoto watakaowauliza maswali magumu, nanyi msiwakemee. Nimewaachilia. Sina kinyongo na yeyote...

Usikome, mwanangu. Rudia lile la mwisho. Kitindamimba, kaka yako akikwama mpokee... pasiwe kimya. Mimi nikinyamaza, nyinyi msi...