Binti wa Gundi Kawekwa Njano

Benchi la kijiwe lilikaa juu ya kipande cha saruji mbele ya kibanda cha Gundi, fundi viatu, na wenyewe walilionea fahari. Zamani lilikuwa kule kwenye mteremko, kikombe lazima ukishike kwa mikono miwili, na jiko la Shangazi muuza kahawa lilikaa upande upande kila siku. Likizo iliyopita wakalihamishia hapo, mahali pekee palipo sawa mtaa mzima, na tangu siku hiyo hakuna tone lililomwagika. Lakini jioni hiyo Gundi hakuwa na raha hata kidogo. Alishabandika soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia, na mwenye kiatu alikuwa njiani kuja kukichukua.

— Njano, — alisema, simu mkononi. — Wamemweka binti yangu njano.

— Nani kamweka? — aliuliza Redio, fundi redio wa kibanda cha pili, mtu asiyezimika.

— Ofisi ya elimu ya wilaya. Sikiliza. “Mzazi, takwimu za mwanao zimeingia rangi ya njano. Tunaomba kuonana nawe.” Na huu ni ujumbe wa pili. Wa kwanza nilidhani ni wale matapeli wa simu, nikaufuta.

— Ndiyo hayo niliyowaambia! — Huyo alikuwa Waziri, ambaye cheo chake pekee duniani ni kukaa katikati ya benchi. — Siku hizi shule haifundishi, inakusanya. Mtoto kachelewa, wanaandika. Kapata sifuri, wanaandika. Kaomba ruhusa ya kwenda chooni, wanaandika. Wanamimina yote kwenye kompyuta, wanakoroga.

— Halafu?

— Halafu inatoka rangi. Kijani watakuwa madaktari. Njano, makarani. Nyekundu ndio sisi.

— Na mimi ningekuwa rangi gani? — aliuliza Shangazi huku akipuliza jiko.

— Wewe kompyuta ingekuogopa.

Walicheka wote isipokuwa Gundi. Ana mtoto mmoja tu, huyo huyo wa darasa la nne. Aliliangalia lile neno njano mpaka likaanza kucheza kwenye kioo.

— Mnachukulia juu juu, — alisema Redio. — Mimi natengeneza mitambo, najua. Darasani kuna kijicho cha kamera darini. Kinahesabu miayo. Mtoto akipiga wa kwanza, kinanyamaza. Akipiga wa pili, mzazi anapigiwa.

— Binti yangu hapigi miayo, — alisema Gundi. — Amekuwa kimya tu siku hizi. Anakaa dirishani.

Hakuna aliyemsikia, maana Waziri alikuwa ameshainua kidole.

— Miayo ni danganya toto! Wanachotaka ni ndoa. Wanajua tangu sasa kijani gani ataoa kijani gani. Ukienda kuposa miaka ijayo, mahari inaulizwa kwa kompyuta.

— Basi mwanangu asije akapewa mwanao, — alisema Redio. — Kompyuta nitaifungua mwenyewe kwa bisibisi.

— Ukishaifungua itarudi kuongea kama redio zako? Ile ya mama mkwe wangu mpaka leo inakoroma.

Gundi alikuwa wa kwanza kuviona viatu: vya kike, vyeusi, vumbi mpaka kwenye vifundo, cha kulia kimeachama mbele. Ndipo akainua macho kumwona mwenyewe, mwanamke wa makamo mwenye mkoba begani.

— Habari za jioni, baba zangu. Namtafuta fundi viatu mwenye binti darasa la nne. Natoka ofisi ya elimu, mimi ni mshauri wa wanafunzi. Ujumbe haukujibiwa, nikaona nije kwa miguu.

Benchi zima lilikaa wima.

— Karibu sana, — alisema Waziri. — Tulikuwa tunaisifu kazi yenu.

— Mwalimu, samahani, — Redio alishindwa kujizuia, — miayo mnahesabu kweli?

Mgeni alicheka mpaka akaegemea nguzo.

— Hatuhesabu, baba. Tunaangalia mahudhurio, tunaangalia alama, na kila Jumatatu tunawauliza wenyewe wako vipi. Njano maana yake ni moja tu: kuna kitu kimebadilika, mtu mzima aende akaulize. — Akamgeukia Gundi. — Twende pembeni?

— Hawa ni ndugu zangu. Uliza hapa hapa.

— Basi nitauliza moja, mengine tutaongea wawili. Mwanzo wa mwaka binti yako alikuwa haishi kutupa hadithi za kamba. Kila jioni anaruka kamba na rafiki yake wa mtaani. Siku hizi kamba haitajwi, na kusoma kumeshuka. Kwa nini ameacha?

Swali lenyewe dogo, na kila mmoja pale benchini alikuwa na jibu lake. Gundi alimtazama Redio, maana rafiki wa kamba ni binti wa Redio, anayesoma shule nyingine, na jioni ndiyo pekee waliyokuwa nayo wale watoto. Redio alimtazama Waziri. Waziri alitazama chini, kwenye saruji iliyokwaruzwa na kamba, mguu wa benchi ukiwa katikati kabisa. “Nendeni mkacheze kwingine, mtatumwagia kahawa.” Wote walikuwa wamewaambia watoto hivyo siku ya kuhamisha benchi, Gundi kwa sauti kuliko wenzake. Na kwingine kote ni mteremko na mawe.

Hata Redio alizimika. Gundi aliona aibu, aibu ya kweli, iliyompanda mpaka masikioni.

— Waziri, — alisema mwishowe, — inuka.

— Niende wapi?

— Shika upande huo.

Walilibeba benchi mpaka kwenye mteremko wake wa zamani, Shangazi akifuata na jiko, mgeni akibeba vikombe. Redio alikwenda mbio kwake kumwita binti. Waziri alipokaa tu, kahawa ilimwagikia suruali. Alifungua mdomo alalamike, akaufunga.

Mlango wa nyumba iliyo nyuma ya kibanda ulifunguka. Binti wa Gundi alisimama akiiangalia ile saruji tupu, kisha akawaangalia wazee walivyopinda kwenye mteremko.

— Baba, mbona mmerudi huko? Kahawa yenu itamwagika.

— Acha imwagike, mama, — alisema Gundi. — Kamba yako iko wapi?

Binti alikuwa ameshakimbilia ndani kuitafuta.