Nilinyimwa Samaki kwa Jina la Nyongo

Asifiwe Mwenyezi Mungu, ndugu zangu, aliyeniketisha mbele yenu nikiwa na macho meupe! Itikieni amina, maana mwaka jana wengi wenu mlikuja kuniaga. Mlikaa kando ya kitanda changu, mkaniangalia, mkatoka nje mkifuta machozi. Mlidhani nimelala. Nilikuwa nawasikia.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mwanakombo, mke wa Salimu seremala, wa hapa hapa Msambweni. Nilikuwa mwanamke wa kubeba debe la maji kichwani na mtoto mgongoni, na bado nikiimba. Kisha nikashikwa na homa, chakula kikanichukiza, na baada ya siku chache macho yakawa manjano kama bizari. Mkojo ukawa mweusi kama kahawa, choo kikawa cheupe kama chokaa. Na kuwashwa, ndugu zangu! Nilijikuna kwa gunzi la hindi mpaka ngozi ikatoka damu.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu Bakari, kaka mkubwa wa mume wangu. Akasimama mlangoni akatoa hukumu: "Nyongo imemwagika mwilini. Asile samaki, asile mayai. Kunde, nyama, maziwa, vyote hivyo vinachochea nyongo. Apewe uji mwepesi wa muhogo na maji ya miwa, basi."

Nani alimfundisha? Hakuna! Hakwenda kwa tabibu, hakuuliza mtu. Lakini ana sauti nzito, na katika nyumba zetu mwenye sauti nzito hahojiwi. Mume wangu akainamisha kichwa. Mama mkwe, ambaye ananipenda, Mungu ni shahidi, akanikorogea uji huku analia.

Nina hasira mpaka leo, sifichi! Uji asubuhi, uji mchana, uji usiku. Majirani wenye huruma walileta samaki changu wa kukaanga, wakisema, huyu ni wa mgonjwa. Mgonjwa gani? Mimi niko chumba cha uani, nasikia miiba ikitemwa kwenye sahani! Siku moja nikamwomba Bakari kipande kidogo tu. Akanijibu huku analamba vidole, "Nakula mimi, shemeji, nikuepushe na shari."

Kuniepusha!

Miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nywele zikawa zinatoka na kitana. Maziwa yakakauka, na mwanangu Rehema akawa anavuta titi tupu, analia, ananitazama usoni kama anayeniuliza amenikosea nini. Na jirani yetu Bi Zaina alikuwa ameugua hivyo hivyo kabla yangu, akalishwa uji hivyo hivyo, tukamzika, tukasema nyongo imemuua. Nikaomba, nikasema: Ya Rabi, kama siku zangu zimekwisha, nipokee. Kama hazijakwisha, niletee mtu mwenye mdomo!

Mungu akamleta shangazi yangu Mwanahawa kutoka Vanga. Alikuja kunijulia hali tu. Akafunua shuka, akaona miguu yangu, akageuka.

"Huyu ni mgonjwa au mfungwa?"

Bakari akaanza habari za nyongo. Shangazi hakumwachia amalize. "Wewe nyongo umeiona wapi? Mafuta ya samaki yako kwenye ndevu zako, na mwanangu anakufa njaa! Salimu, mkeo nampeleka hospitali. Kama wataka kunizuia, nizuie sasa hivi, watu wakuone."

Mume wangu akainuka. Nilidhani atamzuia. Akaja kitandani, akaniinua mwenyewe mikononi, akapita mbele ya kaka yake, akatoka nje. Tukapanda lori la miwa, na mama mkwe pamoja nasi.

Daktari, Mhindi mmoja mpole, akauliza nakula nini. Mama mkwe akasema uji. Na nini tena? Maji ya miwa. Basi akatueleza polepole. Akasema ugonjwa wa ini ulinianza wenyewe, samaki hakuuleta, na pengine ungeondoka. Njaa ndiyo iliyoufanya ukae. Nyongo inatengenezwa na ini. Samaki, yai, kunde na maziwa, vikifika tumboni, huvunjwa kuwa vipande vidogo mno visivyoonekana, damu ikavipeleka kwenye ini. Vingine ini hujijengea mwili wake, vingine huvitia ndani ya nyongo yenyewe ili ifanye kazi yake na kutiririka. Vipande hivyo vina jina la Kizungu, asidi amino. Ukilinyima ini vitu hivyo, linalegea, nyongo inakwama, inarudi kwenye damu. Ndiyo ile manjano! Ndiko kule kuwashwa!

Yaani dawa yangu ilikuwa inatafunwa nyuma ya ukuta wangu!

Nikapewa maziwa ya unga kidogo kidogo, kisha yai, kisha samaki wa kuchemsha, na tui zito la nazi ningoje kwanza. Uvimbe ukashuka. Choo kikarudi rangi yake. Asubuhi moja mama mkwe akaninyanyua kidevu, akanitazama machoni, akapiga vigelegele wodi nzima ikageuka. Mungu ameniponya! Kwa mdomo wa shangazi, kwa mikono ya daktari, na kwa samaki aliyemuumba Yeye mwenyewe.

Simwambii mtu akae nyumbani ale mayai aache hospitali. La! Nendeni hospitali. Lakini mtumainini Mungu, msimtumaini kila mwenye sauti nzito.

Na wewe, Mama Saumu, usitazame chini. Mkaza mwanao ana macho ya manjano, yumo ndani, sote tunajua, na sote tunajua anakula uji. Siji kukuaibisha. Lakini kesho alfajiri mimi na shangazi tutabisha hodi kwako, nina chungu cha kunde mkononi, na lori tumekwisha kuliagiza.

Tufungulie, dada yangu. Usipotufungulia, tutaingia.